P2: saa 72 zinahesabiwa kurudi nyuma

Kwenye maduka ya dawa ya Mombasa, Nairobi, Dar es Salaam au Mwanza, jina refu halihitajiki. Ukisema "nipe P2", muuzaji ameshaelewa. Tatizo ni kwamba wanaoinunua hawana picha moja ya kile wanachonunua. Yupo anayeamini anatoa mimba, na moyo unamsuta. Yupo anayeamini anasafisha kizazi. Na yupo anayeimeza Ijumaa jioni akiwa na uhakika kabisa kwamba amelindwa asipate mimba mpaka Jumatatu. Huyu wa tatu ndiye aliye hatarini zaidi, kwa sababu ile namba 72 iliyo kwenye maelezo ya dawa ameisoma kinyume.

Tuanze na majina. P2 ni ufupisho wa Postinor-2, chapa ya kampuni ya Gedeon Richter ya Hungaria, na ile 2 ni idadi ya vidonge ndani ya pakiti. Siku hizi chapa ni nyingi, nyingine zina kidonge kimoja na nyingine viwili, lakini zote zimebaki kuitwa P2, kama vile sabuni yoyote ya unga inavyoitwa Omo. Jina la kitabibu ni vidonge vya dharura vya kuzuia mimba. Ni vya dharura kwa sababu vinatumika baada ya tendo, pale mambo yalipokwenda kombo: kondomu imepasuka, sindano ya miezi mitatu imepitiliza tarehe, vidonge vya kila siku vimesahaulika, hakukuwa na kinga yoyote, au mtu ameingiliwa kwa nguvu. Na ni vya kuzuia, maana kazi yao inafanyika kabla mimba haijatungwa. Ikishatungwa, havina la kufanya.

Kilichomo ndani ni levonojestreli, ambayo kwenye boksi utaiona imeandikwa Levonorgestrel. Hii ni homoni iliyotengenezwa kiwandani kwa kuiga projesteroni, homoni ambayo mwili wa mwanamke huitengeneza wenyewe kila mwezi. Wala si dawa ngeni. Imo kwenye aina nyingi za vidonge vya majira, na imo kwenye vijiti vya Jadelle vinavyowekwa chini ya ngozi ya mkono. Kinachotofautiana ni kipimo. Dozi nzima ya P2 ni miligramu 1.5, wakati kidonge kimoja cha kila siku cha aina ya Microgynon kina miligramu 0.15 za homoni hiyo, yaani moja ya kumi. Ni homoni ileile, ila hapa inaingia kwa mkupuo mmoja.

Basi, mlinzi na abiria

Ili kuelewa P2 inafanya nini, lazima kwanza kuelewa kwamba mimba haitungwi pale pale tendo linapofanyika. Katika kila mzunguko wa hedhi yai moja hupevuka ndani ya ovari, kisha hutoka na kuingia kwenye mrija wa uzazi. Likishatoka lina saa 12 hadi 24 tu za uhai. Mbegu za mwanaume ni wavumilivu zaidi: zinaweza kukaa hai ndani ya njia ya uzazi mpaka siku tano. Ndiyo maana siku za hatari ni kama sita hivi, zile tano kabla ya yai kutoka na siku yenyewe linapotoka. Mwanamke anaweza kukutana na mwenzake Jumatatu na mimba ikatungwa Ijumaa.

Chukulia yai ni basi lililo ndani ya stendi, na mbegu ni abiria waliokaa kituo cha mbele wakilingoja. Abiria hawa watangoja hadi siku tano tu. Nalo basi likitoka linapita mara moja tu. Amri ya kuondoka hutoka kwenye ubongo, kupitia homoni iitwayo LH, ambayo hupanda ghafla, na takriban siku moja na nusu baada ya kuanza kupanda, yai linatoka.

P2 ni mlinzi anayefunga geti la stendi. Inazuia ule mpando wa LH, basi linachelewa kwa siku kadhaa, na litakapotoka abiria wa zamani hawapo tena. Hiyo ndiyo kazi yake kubwa. Kama amri ilishatolewa na basi liko kwenye mwendo, mlinzi hawezi kulisimamisha. Na kama limeshatoka na kuwakuta abiria, kufunga geti hakurudishi kitu.

Hapa maswali mengi yanayozunguka mitaani yanajijibu yenyewe. Kwa nini Amina alimeza ndani ya saa moja na bado akapata mimba, wakati Rehema alimeza siku ya tatu na hakupata? Pengine yai la Amina lilikuwa limeshaanza safari, na la Rehema lilikuwa bado siku nne. Hakuna aliyekosea kumeza. Na kwa kuwa mwanamke hawezi kujua kwa hisia basi lake liko wapi, kanuni inabaki moja: meza mapema kadiri inavyowezekana, hata kama unadhani hauko kwenye siku za hatari. Ile hesabu ya siku ya 14 ni ya mzunguko wa siku 28 usiobadilika. Mwenye mzunguko wa siku 35 yai lake hutoka karibu na siku ya 21, na msongo wa mawazo, safari au ugonjwa vinaweza kuisogeza tarehe kwa mtu yeyote.

Swali la kutoa mimba nalo linastahili jibu kamili, maana kwa wengi ni swali la imani na si la udadisi. Yai likisharutubishwa huchukua takriban siku sita hadi kumi kabla ya kujishikiza kwenye ukuta wa mji wa mimba. Zamani maelezo yaliyokuwa ndani ya boksi yalisema kwamba huenda P2 inazuia pia kujishikiza huko. Watafiti walilifuatilia jambo hilo kwa kupima siku ya yai kutoka, na wakaona kwamba wanawake waliomeza baada ya yai kutoka walipata mimba kwa kiwango kilekile ambacho kingetarajiwa kama wasingemeza kitu. Kama dawa ingekuwa inazuia kujishikiza, hapo ndipo ingeonekana. Kwa msingi huo, Desemba 2022 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliidhinisha maelezo mapya ya chapa ya Plan B One-Step, yanayosema wazi kwamba dawa hii haifanyi kazi kwa kuzuia kujishikiza wala haiathiri mimba iliyokwisha kuwepo. Dawa za kutoa mimba ni mifepristoni na misoprostoli. Hizo ni dawa nyingine, na utendaji wao ni mwingine.

Hili lina upande wake wa pili, ambao husahaulika. Msichana aliyekosa hedhi wiki mbili, akakimbilia duka la dawa kununua P2, hapati msaada wowote. Kama ana mimba, itaendelea, na hakuna ushahidi kwamba mtoto atadhurika. Anachohitaji ni kipimo cha mimba na mtu wa kuzungumza naye.

Hesabu ya saa

Saa 72 ni siku tatu kamili, na zinaanza kuhesabiwa pale tendo lilipofanyika. Tendo la Jumamosi saa nne usiku linafikia mwisho wake Jumanne saa nne usiku. Ni muda wa kutazama nyuma: tendo lililopita lisiwe limepita zaidi ya hapo. Kwenda mbele, P2 haikuahidi hata saa moja.

Na mbele ndiko kwenye hatari. Rudi stendi. Basi halikufutwa, limecheleweshwa. Litatoka baadaye katika mzunguko huo huo, siku ambayo hata mwenye kuhesabu kalenda kwa makini hawezi kuijua tena. Aliyemeza Ijumaa na kukutana na mwenzake bila kinga Jumapili ameleta abiria wapya kituoni, na geti linakaribia kufunguliwa. Kwa maneno mengine, siku zinazofuata baada ya P2 zinaweza kuwa za hatari kuliko zilivyokuwa kabla. Kuanzia kidonge kinapomezwa mpaka njia nyingine ianze kufanya kazi, ni kondomu kila mara au kujizuia.

Hata ndani ya zile saa 72, saa zote hazina thamani sawa. Utafiti mkubwa wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa mwaka 1998 ulionyesha kwamba waliomeza ndani ya saa 24 walizuia asilimia 95 ya mimba zilizotarajiwa, waliomeza kati ya saa 25 na 48 asilimia 85, na waliongoja hadi siku ya tatu asilimia 58. Baada ya hapo, mpaka saa 120, bado inaweza kusaidia, lakini kwa nguvu iliyopungua zaidi. Duka likiwa limefungwa usiku, asubuhi haijachelewa. Kinachogharimu ni kusubiri mpaka wikiendi iishe au mpaka mshahara uingie.

Asilimia hizo huwachanganya wengi, kwa hiyo zifafanuliwe. Asilimia 95 haina maana kwamba kati ya wanawake 100 waliomeza, watano watapata mimba. Chukua wanawake 100 waliofanya tendo mara moja bila kinga katika wiki ya pili au ya tatu ya mzunguko wao. Bila dawa, wanane hivi wangepata mimba. Wote wakimeza P2 kwa wakati, atapata mmoja hivi. Asilimia inahesabiwa kutoka kwa wale wanane.

Namna ya kumeza, na yanayoharibika

Pakiti yenye vidonge viwili vya miligramu 0.75 huenda ikawa na maelekezo ya zamani: kimoja sasa, kingine baada ya saa 12. Maelekezo hayo yamepitwa na wakati. Utafiti umeonyesha kuvimeza vyote viwili kwa pamoja kunafanya kazi sawasawa, na kunaondoa balaa la kidonge cha pili kuangukia saa tisa usiku na kusahaulika. Pakiti yenye kidonge kimoja cha miligramu 1.5 humezwa hivyo hivyo, kwa maji. Kula kitu kidogo kwanza husaidia tumbo lisichafuke.

Ukitapika ndani ya saa mbili tangu kumeza, dozi imepotea na inabidi umeze nyingine. Ukitapika baada ya hapo, dawa imeshaingia kwenye damu. Kichefuchefu, kichwa kuuma, uchovu na matiti kujaa ni mambo ya kawaida ya siku moja au mbili.

Kinachoharibu kazi yake zaidi, na kisichoulizwa dukani, ni dawa nyingine. Kuna dawa zinazolifanya ini lifanye kazi kwa kasi na kuivunjavunja homoni kabla haijafika kiwango kinachotakiwa. Rifampisini ya kifua kikuu ni mojawapo. Nyingine ni dawa za kifafa kama karbamazepini, fenitoini na fenobarbitali, na ile efavirenzi iliyokuwa kwenye vidonge vya kufubaza VVU. Wengi wanaotumia ARV Kenya na Tanzania wameshahamishiwa kwenye mchanganyiko wenye dolutegraviri, unaofahamika kama TLD, na huo hauingiliani na P2. Lakini mwenye kutumia rifampisini, efavirenzi au dawa hizo za kifafa, au aliyemaliza kuzitumia chini ya wiki nne zilizopita, amwambie mhudumu. Kuna kitanzi cha shaba, kifaa kidogo kinachowekwa ndani ya mji wa mimba, ambacho hakiguswi na dawa hizo, na kama hakipatikani, mhudumu huweza kumpa dozi mara mbili, miligramu 3 kwa wakati mmoja.

Uzito mkubwa pia unapunguza nguvu ya P2. Hapa wengi hudhani suluhisho ni kumeza pakiti mbili, na kwa bahati mbaya si hivyo: jaribio lililochapishwa mwaka 2022 kwa wanawake wenye unene uliopitiliza halikuona tofauti kati ya dozi moja na mbili. Kwao, kitanzi ndilo chaguo la uhakika. Lakini kama kitanzi hakipatikani, P2 haikatazwi. Nguvu iliyopungua bado ni afadhali kuliko kutomeza kabisa.

Mama anayenyonyesha anaweza kumeza na kuendelea kunyonyesha. Mwenye shinikizo la damu anaweza kumeza pia, kwa kuwa ndani yake hamna estrojeni, ile homoni nyingine inayohusishwa na damu kuganda.

Yale mengine yanayopendekezwa kwa minong'ono, soda ya kola, maji ya chumvi, limau, chai kali ya rangi, kuruka kamba, kukojoa mara baada ya tendo, hayazuii mimba. Mkojo una njia yake na uke una njia yake. Kujisafisha ndani hakusaidii pia: mbegu za kwanza huvuka mlango wa kizazi ndani ya dakika chache, mapema kuliko mtu yeyote anavyoweza kufika bafuni, na chumvi au soda huachia michubuko inayorahisisha maambukizi.

Pia P2 isichanganywe na vile vidonge vinavyouzwa kwa kificho kama "kidonge cha mwezi", humezwa mara moja kwa mwezi, pakiti ina maandishi ya Kichina na nchini Kenya huitwa Sofia. Hivyo havijasajiliwa, na vilipopimwa vilikutwa na homoni nyingi kupita kiasi. Pakiti halali ina jina la dawa, jina la mtengenezaji, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi, na tarehe ya kwenye boksi inalingana na ile iliyogongwa kwenye karatasi ya vidonge. Kidonge kilichokatwa na kuuzwa kwenye bahasha ya kaki, kisicho na tarehe wala jina, usikichukue.

Damu inayotoka si cheti

Siku chache baada ya kumeza, baadhi ya wanawake huona matone ya damu. Wengi hushusha pumzi: imefanya kazi. Wengine hawaoni chochote, nao hulala na hofu wiki nzima. Wote wawili wanasoma dalili isiyosema kitu. Matone hayo ni mwitikio wa ukuta wa mji wa mimba kwa homoni iliyoingia kwa wingi kisha ikashuka. Yanaweza kutoka kwa aliyekingwa na kwa ambaye hakukingwa, na si hedhi.

Hedhi yenyewe inaweza kuwahi au kuchelewa, kwa kawaida si zaidi ya wiki moja kutoka tarehe iliyotarajiwa. Ikipitiliza siku saba, au ikija nyepesi na fupi isivyo kawaida, pima mimba. Kwa aliyeanza sindano, kijiti au vidonge mara baada ya P2, hedhi haiwezi kuwa kipimo tena kwa sababu njia hizo huibadilisha, hivyo apime wiki tatu baada ya tendo. Kupima kabla ya hapo, siku ya tano au ya kumi, kunatoa jibu la "hakuna" ambalo halina uzito. Kipimo cha mkojo kinachouzwa dukani kinatosha, na mkojo wa asubuhi ndio wenye homoni ya mimba kwa wingi zaidi.

Kuna dalili moja isiyosubiri: maumivu makali upande mmoja wa tumbo la chini, pamoja na kizunguzungu au kuzimia, wiki chache baadaye. Hiyo inaweza kuwa mimba iliyotungwa nje ya mji wa mimba. P2 haiisababishi, lakini P2 ikishindwa, mimba hiyo inaweza kuwa popote, na ile ya kwenye mrija huua. Ni kwenda hospitali saa hiyo hiyo.

Mwezi baada ya mwezi

Linalosemwa sana ni kwamba P2 ikizidi inaharibu kizazi. Hapana. Haisababishi ugumba, haisababishi saratani, na mwili hauizoei kiasi cha kuifanya ishindwe. Homoni hutoka mwilini ndani ya siku chache, na uwezo wa kushika mimba hurudi mara moja. Ndiyo maana haikingi mbele! Vitisho hivi vina madhara yao: msichana aliyeambiwa kwamba mwisho ni mara mbili kwa mwaka ataogopa ile ya tatu, na siku hiyo ndiyo anayoihitaji.

Sababu ya kutoitegemea kila mwezi ni nyingine, nayo ni hesabu. Tumeona kwamba kati ya 100 waliomeza kwa wakati, mmoja hivi hupata mimba. Rudia bahati nasibu hiyo mara 12, mara moja kila mwezi katika siku za hatari, na ndani ya mwaka wanafika kama 11 kati ya 100. Linganisha na kijiti, ambacho kwa mwaka mzima hupata mimba chini ya mmoja kati ya 100, bila kukumbuka chochote. Sindano, kwa namna watu wanavyoitumia kweli, ni kama wanne kati ya 100. Na anayemeza P2 mara kwa mara huvuruga mzunguko wake: hedhi mbili mwezi mmoja, mwezi unaofuata hakuna, na kila kuchelewa ni hofu mpya. Huyo anatumia njia dhaifu kwa bei kubwa, wakati njia imara hutolewa bila malipo katika vituo vya afya vya serikali.

Kuhama si jambo gumu. Siku ile ile uliyomeza P2 unaweza kuanza vidonge vya kila siku, sindano au kijiti, na utatumia kondomu kwa siku saba za kwanza. Kama tatizo lilikuwa vidonge vilivyosahaulika, endelea na pakiti yako kesho yake, pia na kondomu kwa siku saba. Kuna kidonge kingine cha dharura kiitwacho ulipristali, miligramu 30, chenye nguvu kuliko P2 hasa siku ya nne na ya tano. Hakipatikani kila mahali, na kwa hicho kanuni ni tofauti: subiri siku tano kabla ya kuanza njia yoyote ya homoni, la sivyo zinagombana.

Nacho kitanzi cha shaba, ambacho Wakenya wengi huita koili na Watanzania wengi huita lupu, kinastahili kutajwa zaidi kuliko kinavyotajwa. Kikiwekwa ndani ya siku tano baada ya tendo, kinazuia mimba kwa zaidi ya asilimia 99, nguvu ambayo kidonge chochote hakiifikii, na tofauti na P2 kinaendelea kukinga kwa miaka kumi au zaidi. Shaba hulemaza mbegu. Inaweza pia kuzuia yai lililorutubishwa lisijishikize, jambo la kulijua kabla kwa yule ambaye kwake hilo ni suala la imani. Kinahitaji mhudumu aliyefunzwa, kwa hiyo kituo cha afya, si duka.

Saa 72 nyingine

P2 haigusi VVU, kaswende, kisonono wala homa ya ini. Hili linajulikana, lakini usiku wa hofu ya mimba linasahaulika. Dawa za kuzuia VVU baada ya kukutana na hatari, PEP, nazo zina saa 72 zao, nazo zinahesabiwa kurudi nyuma, na kila saa inayopita inazipunguzia nguvu. Humezwa kwa siku 28 na hutolewa hospitalini na kwenye vituo vya afya baada ya kupimwa. Aliyepasukiwa na kondomu na hajui hali ya mwenzake ana safari mbili za kufanya.

Kwa aliyebakwa, mwanamke au mtoto, safari ya kwanza ni hospitali. Huko atapata P2, PEP na tiba ya magonjwa ya zinaa kwa pamoja. Kama inawezekana asioge kwanza, na nguo alizovaa ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki, kwa sababu unyevu huozesha ushahidi. Fomu ya polisi, ambayo Kenya huitwa P3 na Tanzania PF3, ni ya kesi, na inaweza kufuata baadaye. Saa za dawa hazingoji fomu.

Mara nyingi anayetumwa dukani ni mwanaume, au rafiki. Aende na majibu, maana mhudumu mzuri atauliza: tendo lilikuwa lini, siku na saa? Hedhi ya mwisho ilianza tarehe gani? Kuna tendo lingine bila kinga tangu hedhi hiyo? Anatumia dawa ya TB, ya kifafa, au ARV, na ni aina gani? Uzito wake ukoje? Ananyonyesha? Mhudumu asipouliza, yaseme hata hivyo. Na si lazima kungoja dharura itokee ndipo ununue: pakiti inaweza kukaa nyumbani mpaka tarehe yake iishe, mahali pakavu chini ya nyuzi 30, mbali na jiko na isiachwe kwenye gari lililoegeshwa juani.